Hasira ya Chama cha Ujima: Tunamkumbuka Bi Wakesho wa Werugha

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Nawasalimu kuanzia Taveta mpakani hadi hapa Kaloleni, Voi, na nyinyi wa kule juu Werugha, ambao najua saa hii mmejikunyata karibu na jiko. Mimi ni Salme Miraj. Leo tunamkumbuka mwanamke mmoja. Jina lake Wakesho.

Bi Wakesho alifariki Jumanne iliyopita, nyumbani kwake Werugha. Alikuwa na miaka themanini na minne. Alizikwa Ijumaa. Mvua ilinyesha tangu asubuhi na watu hawakuondoka.

Wengi wenu hamumjui. Hakuwa mke wa chifu. Hakuwahi kupigwa picha na mkubwa yeyote. Lakini Bi Wakesho alikuwa mwanachama wa mwisho wa Chama cha Ujima. Nalirudia jina hilo, kwa sababu halimo kwenye vitabu vya watoto wenu vya shule: Chama cha Ujima. Kilikuwa chama cha kijamaa, hapa hapa kwetu, kabla wengi wetu hatujalisikia neno ujamaa. Kilizaliwa mwaka 1919. Kiliuawa mwaka 1924. Miaka mitano tu. Na aliyekiua ndiye aliyekizaa.

Mwaka juzi nilipanda Werugha na kinasa sauti changu kwenda kumhoji. Alikitazama akauliza kama hicho kisanduku kinakula betri zangu au za serikali. Nikamwambia ni za kituo. Akasema, "Basi tutaongea sana." Na kweli tuliongea, siku tatu. Nilishuka mlimani na gunia la viazi na hasira ambayo haikuwa yangu. Sasa wacha niwasimulie.

Wakesho alizaliwa mwaka 1900, reli ikiwa bado mpya pale Voi. Alikuwa na kaka mmoja, Obadiah, aliyemzidi miaka minne. Baba yao alimpeleka Obadiah shule ya misheni. Wakesho hakupelekwa. "Mimi nilipewa jembe," aliniambia. "Yeye akapewa kalamu. Sikuona wivu. Jioni alikuwa ananifundisha zile nyimbo zao. Kusoma alisema atanifundisha baadaye."

Halafu vita vikaja. Wajerumani walikuwa wameshika Taveta, na Waingereza wakaanza kujenga reli kutoka Voi kwenda huko. Baba yao alichukuliwa kubeba vyuma vya reli. Alifia Maktau. Hakuna aliyejua alizikwa wapi. Obadiah naye alichukuliwa, lakini yeye kwa sababu ya kalamu yake alifanywa karani wa wapagazi. Alirudi mzima mwaka 1918.

Alirudi na maneno mapya. Pale stesheni ya Voi alikuwa amefanya urafiki na fundi mmoja wa simu za reli, Mhindi aliyesoma magazeti. Fundi huyo alimweleza kwamba huko Urusi wakulima wamechukua mashamba, na mfalme ameondoka. Obadiah alikuja nayo hiyo habari nyumbani. Na nyumbani, wapendwa, kulikuwa na njaa. Mvua ilikuwa imekataa. Homa ile kubwa ya baada ya vita ilikuwa inapita nyumba hadi nyumba.

Sasa nyote mnajua desturi yetu ya ujima. Leo tunalima kwako, kesho tunalima kwangu, mwenye shamba anapika. Huo ni ujima wa kawaida. Obadiah aliwaita watu akawauliza swali moja. "Kama tunalima pamoja, kwa nini tunavuna mbalimbali?"

Watu walicheka. Lakini mbegu zilikuwa chache mno. Mmoja ana kibaba, mwingine ana nusu kibaba, mwingine hana. Wakazimwaga zote kwenye kapu moja. Kaya thelathini na mbili zilishuka bondeni, kati ya Mwatate na Voi, wakachimba mfereji wa maji kutoka mtoni, wakalima shamba moja refu. Wakaliita Ujimani. Huo ndio mwanzo wa chama. Kaya thelathini na mbili, shamba moja, ghala moja.

Na kulikuwa na sheria. Wanawake wapige kura kama wanaume. Mgonjwa na mzee wale sawa na anayelima. Pasiwe na mwenyekiti. Na sheria iliyopita zote, aliyoitaja Wakesho mwenyewe siku ya kwanza akiwa msichana wa miaka kumi na tisa: kitu cha chama, iwe mbegu, iwe jembe, iwe maji ya mfereji, hakuna mtu mmoja mwenye ruhusa ya kukitoa. Lazima wote wakae. Lazima wote wakubali. Obadiah aliiandika kwenye daftari, pamoja na majina yote. Wakesho alikuwa jina la kumi na moja. Hakujua kusoma, lakini namba yake aliijua hadi anakufa.

Walivuna. Wakavuna tena. Hapa Voi waliuza mahindi yao kwa duka moja tu, la Mzee Jaffar. Jaffar aliwapa chumba chake cha nyuma wafanyie mikutano wakija mjini. Jaffar huyo ni babu yangu, baba yake baba. Kwetu nyumbani tumelelewa na hadithi hiyo. Babu rafiki wa wakulima. Babu mwenye roho nyeupe. Tulitembea nayo vifua mbele.

Lakini mtu mwenye mahindi ghalani haendi kukata mkonge. Hapo ndipo shida ilipoanzia. Kulikuwa na kampuni ya mkonge karibu na Ujimani, ambayo sitaitaja. Kipande, kile kitambulisho cha kazi cha kuvaa shingoni, kilikuwa kimeshaletwa, kodi ya nyumba ilikuwa inapanda, na kampuni ilingojea vijana waje kuandikisha kazi. Vijana wa Ujimani hawakuja. Walilipa kodi yao kwa mahindi waliyouza. Kampuni ikaanza kulitolea macho bonde lile na ule mfereji wake.

Mwaka 1923 akaja bwana mmoja wa serikali. Akasema shamba haliwezi kukaa bila jina la mtu. Nani mkubwa hapa? Wakamwambia hakuna mkubwa. Akasema basi hakuna shamba.

Wasikilizaji, walikaa siku mbili wakibishana. Nani aandikwe? Wakimwandika mzee, atajiona chifu. Wakimwandika mwenye nguvu, atawapanda vichwani. Mwisho wakaamua kuandika jina la yule ambaye kazi yake ni ndogo kuliko zote, kazi ya kushika kalamu tu. Wakamwandika Obadiah, karani.

"Ndio ujinga wetu huo," Bi Wakesho aliniambia. "Tuliogopa sana kuwa na mkubwa, tukasahau kuogopa karani."

Agosti 1924, Obadiah aliteremka Voi. Aliweka sahihi kwenye karatasi ya Kiingereza. Karatasi hiyo ilisema kwamba yeye, kwa niaba ya wote, ameiachia kampuni bonde na mfereji. Hakumwambia mtu. Alipewa kazi ya ukarani kwenye kampuni, nyumba ya mabati, na viatu vya ngozi.

Chini ya sahihi yake palihitajika shahidi. Na shahidi alikuwepo. Alitia jina lake kwa herufi za Kiarabu, mwandiko mzuri sana. Jaffar. Babu yangu.

Mimi nililijua hilo mwaka juzi, nikiwa nimekaa kwenye kigoda cha Bi Wakesho, nimeshika kikombe chake cha chai. Aliniambia taratibu, kama mtu anayekutoa mwiba. "Salme mwanangu, babu yako alijua. Alikuwa ameahidiwa duka la ndani ya kampuni." Nikamuuliza kwa nini amenikaribisha siku mbili nzima bila kusema. Akajibu, "Nilitaka kwanza ushibe chakula changu." Nililia, siwafichi. Nilikuja na sifa za babu nimezibeba kama sinia ya harusi, na pale nikaona ni sinia tupu.

Turudi bondeni. Desemba 1924. Mahindi yametoa ndevu, yamebakisha wiki chache tu. Asubuhi wanachama waliamka wakakuta askari wamesimama kando ya mfereji. Katikati yao, juu ya sanduku, kasimama Obadiah. Ana daftari mkononi.

Lilikuwa daftari la chama. Lile lile aliloandika majina siku ya kwanza. Sasa lilikuwa orodha ya wanaofukuzwa. Mtu akisomwa jina lake, anachukua vyombo vyake na kuvuka mfereji. Alisoma la kwanza. Alisoma la pili. Bi Wakesho alisema, "Alisoma vizuri. Sauti yake ya kanisani. Hakukosea jina hata moja."

Alisoma la kumi. Kisha akasoma la kumi na mbili.

Haya ni maneno yao, kama Bi Wakesho alivyonipa.

"Obadiah, hujanisoma."

"Wewe hauko kwa hii orodha. Rudi nyumbani."

"Niko. Mimi ni wa kumi na moja. Wewe ndio uliniandika."

"Nimekuombea kipande cha shamba hapo karibu na mto. Ni chako. Nyamaza basi, Wakesho, unaniaibisha."

"Soma jina langu."

Obadiah aliangalia daftari. Hakusoma. Basi Wakesho akalisema mwenyewe, kwa sauti, jina lake na la baba yake aliyefia Maktau. Akajitwika chungu na mkeka. Akavuka. Nyuma yake mapanga yakaanza kufyeka mahindi yenye ndevu, na waliokuwa wakifyeka walikuwa vibarua wenye njaa kutoka mbali, wakitafuna mabua mabichi huku wanakata.

Chama kikatawanyika. Wengine walikwenda Taveta kulima ndizi za watu. Wengine walishuka Mombasa. Wengine, nasema kwa uchungu, waliandikishwa na kampuni ile ile na kukata mkonge palepale walipopanda mahindi. Wakesho alipanda Werugha. Aliolewa huko, akalima vijishamba vya ngazi vya wakwe zake. Hakuwahi kuwa na shamba lake tena.

Miaka mitatu ikapita. Mwaka 1927, asubuhi moja, Wakesho alikuwa anapalilia. Akaona mtu anapanda mlima na mtoto begani. Alikuwa Obadiah. Alikuwa ametembea kutoka Voi, bila vile viatu, maana vilimchubua njiani akavivua. Mtoto alikuwa mwanawe Donald, wa miaka miwili. Alikuwa mgonjwa, amekwisha, shingo haimshiki. Dawa za hospitali hazikumsaidia. Wazee walichinja mbuzi wakasoma utumbo. Wakasema kuna moyo wa ndugu umeshika hasira, na hiyo hasira ndiyo inayomla mtoto.

Hapa nawaeleza wale wa pwani na wageni. Wadawida, ndio sisi mnaotuita Wataita, tuna desturi ya kutasa. Mtu aliyekasirika anapewa kinywaji, maji au pombe ya miwa. Anakipiga funda, kisha anakitema kama manyunyu, huku anasema hasira imenitoka, kuwe na baridi, kuwe na amani. Ukitema, umeitoa. Si mchezo. Hata walioshika dini sana, nyumba ikizidiwa na ugonjwa, utawakuta wanaitana kutasa.

Obadiah alikuja na kibuyu cha pombe ya miwa. Akapiga magoti kwenye majani ya viazi, kaka mtu mzima, mbele ya dada yake mdogo. "Wakesho, mimi usinihurumie. Huyu hakuweka sahihi popote. Tasa kwa ajili yake."

Wakesho alimpokea mtoto. Akamweka mapajani. Akamshika kichwa, akamwombea kwa Mungu kama alivyofundishwa kanisani. Kisha akachukua kibuyu. Akapiga funda.

Akameza.

Nilipomuuliza kwa nini, aliniangalia kama vile mimi ni mtoto wa darasa la kwanza. "Salme, mtoto sikumchukia hata kidogo. Lakini ile hasira haikuwa yangu peke yangu. Ilikuwa ya watu wote wa Ujimani. Ilikuwa kitu cha chama. Na kitu cha chama, mtu mmoja hana ruhusa ya kukitoa. Ningeitema pale peke yangu, ningekuwa Obadiah."

Ndivyo alivyomwambia kaka yake pia. "Nenda ukawaite. Wote. Waje wakae, wakikubali wote, tutatasa pamoja, na mimi nitakuwa wa kwanza."

Mtoto alipona. Wazee walisema ni zile dua, daktari akasema ni dawa zake, kila mtu alivutia kwake. Donald yupo hai, ana miaka hamsini na tisa, ni mwalimu mstaafu hapa Voi. Wiki hii alikuja studio. Nilimuuliza kama baba yake alikwenda kuwatafuta wanachama.

"Alienda," alisema Mwalimu Donald. "Mwaka mzima, kila likizo yake. Alienda Taveta, Mombasa, Mbale, kila mahali. Unajua nini kilimuumiza? Hawakumfukuza. Walimpa chai. Waliongea mambo ya mvua. Akiwaambia kuja kukaa pamoja, wanasema, tutaona. Na wengine walikuwa wameshakufa. Baba alikuwa akisema lile shamba lingechukuliwa tu hata angekataa kuweka sahihi. Alisema hivyo kila mara. Nafikiri alikuwa anajiambia mwenyewe."

Pengine ni kweli lingechukuliwa. Mashamba mengi yalichukuliwa bila sahihi ya mtu. Lakini wapendwa, kuporwa na mgeni ni jambo moja. Kusomewa jina lako na kaka yako, kutoka kwenye daftari lenu, ni jambo jingine kabisa. Obadiah alikufa mwaka 1941. Hakuna aliyetasa.

Wanachama wakaendelea kuondoka mmoja mmoja. Mwaka jana alikufa yule wa mwisho kabla ya Wakesho, mzee mmoja wa Taveta. Akabaki Wakesho peke yake. Mwalimu Donald alipopata habari hiyo, alinunua miwa sokoni, ya kutengenezea pombe ya kutasia, akapanda Werugha. Binti wa Bi Wakesho, Tryphena, alikuwepo. Namnukuu.

"Nilimwambia mama, sasa umebaki wewe tu. Wewe ndio chama. Ukisema ndiyo, ni kura ya wote. Maliza hii maneno, huyu Donald amezeeka na dhambi si yake. Mama akaiangalia miwa ya Donald. Halafu akasema, 'Waliokufa hawajajiuzulu.' Basi. Akamwambia Donald akatakate ile miwa, watafune. Wakakaa hapo nje wanatafuna, wanatema makapi, wanacheka wakiongea habari za wanafunzi wake. Alimpenda sana Donald, hiyo usiache kusema."

Sijaacha, Tryphena. Nimesema.

Ijumaa, makaburini, mhubiri alisimama chini ya mwavuli. Alikuwa mgeni, hakuwa na ubaya. Akasema dada yetu ameondoka akiwa amewasamehe wote waliomkosea. Tryphena alinyanyua mkono kama yuko darasani. Akasema, "Samahani mtumishi. Mama hakusamehe. Hakuruhusiwa. Tafadhali usimseme uongo na yuko hapa." Mhubiri akafunga kitabu. Donald ndiye aliyetupa udongo wa kwanza, na Tryphena ndiye aliyemkabidhi sepetu.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki natoa pole kwa Tryphena, kwa watoto wake na wajukuu, na kwa watu wote wa Werugha. Pole pia kwa Mwalimu Donald, ambaye naye ni mfiwa. Kwa upande wangu, kama mjukuu wa Jaffar, siwezi kuomba msamaha hewani na kujifanya nimemaliza. Nimeshaambiwa nani mwenye ruhusa ya kuutoa.

Kawaida yetu hapa ni kusema marehemu apumzike kwa amani. Familia imeniomba nisiseme hivyo, na sitasema. Nitawaomba tu mfikiri. Kila mmoja wetu ana mahali ambapo amepewa kuwashikia wengine kalamu, iwe kikundi cha wazazi, iwe ushirika wa maziwa, iwe shamba la baba. Kabla hujatia sahihi, jiulize ni nani hayupo chumbani.

Na nyinyi watoto na wajukuu wa kaya thelathini na mbili za Ujimani, mlioko Taveta, Mombasa, Mwatate na kwingineko. Wengi wenu hamjuani. Wengine leo ndiyo mara ya kwanza kusikia kwamba bibi zenu walikuwa na chama. Bi Wakesho aliwawekea hiyo hasira miaka sitini, hakuigawa, hakuiuza, hakumpa mtu. Sasa yeye hayupo. Hasira ni yenu. Kaeni wote, muamue wenyewe.